Orodha Inayotuchagulia cha Kutazama

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya tarehe 15 Septemba 2025 baadhi yetu hatukulala. Huku Uingereza ulikuwa usiku wa manane, Tokyo ilikuwa asubuhi, na Alphonce Simbu alikuwa anamfukuza Mjerumani Amanal Petros katika mita za mwisho za marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha. Walipovuka mstari hatukujua nani kashinda. Ikabidi picha iamue. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03, na dhahabu ikawa ya Simbu, ya kwanza kwa Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Tulipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Hayo tuliyaona kupitia BBC. Hatukununua king'amuzi wala hatukulipia kifurushi. Miezi mitatu baadaye, wale tuliobaki mabwenini wakati wa likizo ya Krismasi tulikusanyika tena, safari hii kutazama Kombe la Mataifa ya Afrika kutoka Morocco. Taifa Stars walitoka sare ya 1-1 na Uganda, wakavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza, kisha wakafungwa 1-0 na wenyeji. Channel 4 ilionyesha mashindano hayo, nayo pia ni televisheni isiyodai malipo ya mwezi.

Kwa hiyo tulipokutana mwanzoni mwa muhula, mwanachama mmoja aliuliza swali lililoonekana jepesi: mwaka 2027, Kombe hilo litakapochezwa Kenya, Uganda na Tanzania, tutalionea wapi? Wengi tulijibu kwamba tutaliona palepale tulipoliona mwaka huu. Mwuliza swali hakuridhika. Akasema, "Nani kawaahidi?" Tukaanza kutafuta jibu katika sheria za nchi hii, na makala hii ndiyo tuliyoyapata.

Ilikotoka

Uingereza ina orodha rasmi ya mashindano ya michezo ambayo sheria inataka yasifungiwe ndani ya televisheni za kulipia. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko televisheni hizo. Hadi miaka ya hamsini BBC ilikuwa peke yake hewani. Bunge lilipopitisha Sheria ya Televisheni ya mwaka 1954 na kufungua mlango kwa televisheni ya biashara, liliogopa kwamba kituo kimoja kingeweza kununua tukio linalopendwa na wote na kulihodhi. Sheria ikampa waziri aliyesimamia posta na mawasiliano uwezo wa kuzuia jambo hilo.

Hofu ya wakati ule ilikuwa kati ya vituo viwili ambavyo vyote vilionekana bila malipo. Mambo yalibadilika ilipokuja televisheni ya setilaiti. Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1990 ilikataza matukio yaliyoorodheshwa kuuzwa kwa malipo ya tukio mojamoja, lakini haikugusa malipo ya kila mwezi. Mwaka 1992 Ligi Kuu mpya ya Uingereza ilihamia Sky, na watu wakaona kwa macho yao jinsi mchezo unavyoweza kuondoka sebuleni kwao msimu mmoja hadi mwingine. Wabunge wakaanza kujiuliza: ikiwa ligi imekwenda, Kombe la Dunia litabaki? Olimpiki je?

Katika Baraza la Malodi, Denis Howell, aliyewahi kuwa waziri wa michezo wa chama cha Labour, alikuwa mbele katika kuibana serikali ya Conservative iweke kinga ya kweli. Matokeo yake ni Sehemu ya Nne ya Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1996, ambayo hadi leo ndiyo msingi wa mfumo mzima.

Inavyofanya kazi

Orodha ina makundi mawili. Kundi A linahusu matangazo ya moja kwa moja. Humo yamo mashindano ya Olimpiki na Paralimpiki, fainali za Kombe la Dunia la wanaume na la wanawake, fainali za Kombe la Ulaya la wanaume na la wanawake, fainali ya Kombe la FA, fainali za tenisi za Wimbledon, fainali ya Kombe la Dunia la raga, na mbio za farasi za Derby na Grand National, pamoja na mengine machache.

Kundi B lina kinga ndogo zaidi. Televisheni ya kulipia inaweza kuchukua matangazo ya moja kwa moja peke yake, ilimradi televisheni ya bure ipate muhtasari au marudio. Hapa ndipo ilipo Michezo ya Jumuiya ya Madola, Mashindano ya Dunia ya Riadha, mechi za kriketi za siku tano zinazochezwa Uingereza, na michuano ya raga ya Mataifa Sita.

Kumbe basi hata ule usiku wa Simbu haukuwa haki yetu kisheria. Sheria ilituhakikishia muhtasari tu. Kuona moja kwa moja kulitokana na BBC kuamua kununua.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu tulikuwa tumelielewa vibaya. Tulidhani sheria inamlazimisha mwenye mashindano kuyauza kwa BBC au ITV, au inazilazimisha BBC na ITV kununua. Haifanyi lolote kati ya hayo. Inachosema ni kwamba mtangazaji mmoja hawezi kulionyesha tukio lililoorodheshwa moja kwa moja na kwa upekee bila idhini ya Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano, iwapo upande wa pili haujapata haki pia. Pande zenyewe ni mbili, televisheni za bure upande mmoja na nyingine zote upande wa pili. Kabla ya kutoa idhini Ofcom huangalia kama upande wa pili ulipewa nafasi ya kununua kwa bei ya haki. Ikiwa nafasi ilikuwepo na hakuna aliyeitaka, mwenye fedha anaruhusiwa kuendelea.

Kwa maneno mengine, sheria inauzuia mlango usifungwe. Haimsukumi mtu apite.

Sheria ya Vyombo vya Habari ya mwaka 2024 iliurekebisha mfumo huu. Zamani kituo kilistahili kikiwa hakidai malipo na kinawafikia asilimia 95 ya wakazi. Siku hizi, ambapo watu wengi hutazama kwa simu na kompyuta, kipimo hicho kimepitwa, na sheria mpya imeifunga kinga hiyo na watangazaji wa umma, yaani BBC, ITV, Channel 4 na wenzao.

Funzo la kriketi

Anayetaka kujua thamani ya orodha na autazame mchezo ulioteremshwa daraja. Mechi za kriketi za nyumbani za timu ya Uingereza zilikuwa zimelindwa kikamilifu. Mwaka 1998 Waziri wa Utamaduni, Chris Smith, alikubali maombi ya viongozi wa kriketi na kuzihamishia Kundi B. Viongozi hao walikuwa na hoja ya wazi. Ikiwa wanunuzi ni wa upande mmoja tu, bei haipandi, na bei isipopanda hakuna fedha za kulea vijana, kutengeneza viwanja na kuendeleza kriketi ya wanawake.

Kiangazi cha mwaka 2005 Uingereza iliifunga Australia katika mfululizo wa Ashes baada ya kuusubiri ushindi huo kwa miaka mingi. Channel 4 ndiyo iliyoonyesha, na kwa kilele watazamaji walipita milioni 8. Mwaka uliofuata haki zikahamia Sky. Ashes ya 2009 ilipochezwa Uingereza, nao wenyeji wakashinda tena, kilele cha watazamaji hakikufika milioni 2.

Fedha ziliingia kweli, na haitakuwa haki kusema zilipotea bure. Lakini kuna watoto waliokua bila kuuona mchezo huo nyumbani kwao. Mwaka 2019 Uingereza ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, Sky yenyewe ilikubali kugawana matangazo na Channel 4, na mamilioni wakarudi kutazama. Sheria haikuwadai matangazo ya moja kwa moja, maana mashindano hayo yako Kundi B. Walifanya hivyo kwa hiari, kwa kuwa kila mtu aliona ni aibu ushindi wa taifa utazamwe na wachache.

Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao. Kriketi haikuuacha mbachao bila sababu, ila imetumia miaka mingi kuwatafuta tena watu waliokuwa wameukalia.

FIFA mahakamani

Kesi iliyotuvutia zaidi ni ya mpira wa miguu. Uingereza haikuorodhesha fainali tu, wala mechi za timu zake tu. Iliorodhesha Kombe la Dunia lote, ambalo wakati huo lilikuwa na mechi 64. Ubelgiji nayo ilifanya hivyo. Tume ya Ulaya ilipoziidhinisha orodha hizo, FIFA ilikwenda mahakamani, na UEFA ikafanya vivyo hivyo kuhusu Kombe la Ulaya. Hoja yao ilikuwa kwamba fainali, nusu fainali na mechi za timu ya nyumbani zinaweza kuwa na uzito kwa taifa, lakini mechi kati ya nchi mbili za mbali ina uzito gani kwa mtu wa Uingereza?

Walishindwa katika mahakama ya kwanza mwaka 2011, wakakata rufaa, na Julai 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya huko Luxembourg ikazitupa rufaa zao. Mahakama ilikubali kwamba nchi inaweza kuyaona mashindano yote kuwa kitu kimoja, ikiwa inaonyesha kwamba wananchi wake huyafuatilia hivyo, hata mechi ambazo timu yao haichezi.

Tafakari maana yake kwetu. Kwa hukumu ile, mechi ya Senegal na Ghana katika Kombe la Dunia ina kinga ile ile sawa na mechi ya Uingereza. Lakini mechi ya Senegal na Ghana katika Kombe la Mataifa ya Afrika, pengine kwa wachezaji walewale, haina kinga yoyote. Kombe la Afrika halimo Kundi A wala Kundi B.

Ndiyo maana kila mara tunasubiri mnunuzi. Mashindano ya Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024 yalikuwa Sky, na BBC ilionyesha sehemu tu ya mechi. Ya Morocco yakaenda Channel 4. Ya 2027 yanaweza kwenda kokote. Tuliyoyaona Desemba ilikuwa bahati, na bahati haina mkataba.

Hata kilichomo kwenye Kundi B kinaweza kututoroka. Michezo ya Jumuiya ya Madola ndiko Filbert Bayi alikoiweka Tanzania kwenye ramani, aliposhinda mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa rekodi ya dunia. Haki za michezo ya Glasgow 2026 zimechukuliwa na TNT Sports, televisheni ya kulipia. Michezo itakuwa hapa hapa Uingereza, Wakenya na Watanzania watakimbia saa chache tu kwa treni kutoka London, na mwanafunzi asiyelipia kifurushi atategemea muhtasari.

Bure ni bei gani?

Neno "bure" linahitaji maelezo, hasa kwa wanachama wapya. Hapa, kutazama matangazo ya moja kwa moja kwenye kituo chochote, au kutazama BBC iPlayer, kunahitaji leseni ya televisheni. Kuanzia Aprili 2025 ada yake ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka. Anayeishi bwenini kwa kawaida anahitaji leseni yake mwenyewe, akitumia televisheni au kompyuta iliyochomekwa kwenye umeme. Kwa hiyo bure ya sheria hii maana yake ni kwamba hulipi zaidi ya leseni ambayo nyumba nyingi zinayo tayari.

Kwetu tunajua bure ya namna nyingine. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na tangu hapo king'amuzi kimekuwa sehemu ya bajeti ya nyumba. Asiye nacho huenda kibanda umiza, akatoa kiasi kidogo, akabanwa kwenye benchi na watu hamsini, na akatoka amepata mpira na joto kwa pamoja. Tunapenda kukisifu kibanda umiza, na wengine wetu tumekulia humo. Lakini tukumbuke nani hakuwemo: mama zetu, dada zetu, wazee na watoto wadogo. Mpira unapohama sebuleni na kwenda penye kiingilio, hao ndio wa kwanza kuachwa. Katika hilo mtazamaji wa kriketi wa Yorkshire na bibi wa Tandale wana kesi moja.

Nchi nyingine zimelitatua jambo hili kwa njia zao. India, kwa sheria ya mwaka 2007, humlazimisha mwenye haki za mashindano yenye umuhimu wa kitaifa kugawana mawimbi yake na shirika la utangazaji la umma, Prasar Bharati, kisha mapato ya matangazo ya biashara hugawanywa. Afrika Kusini inazizuia televisheni za kulipia kununua kwa upekee michezo ya kitaifa, na kanuni zake zimelitaja Kombe la Mataifa ya Afrika kwa jina.

Taifa ni nani?

Kipimo cha kuingia kwenye orodha ya Uingereza ni kwamba tukio liwe na mguso wa pekee kwa taifa. Haitoshi kupendwa na wapenzi wa mchezo huo. Liwe linawaunganisha watu, hata wale ambao siku nyingine hawaufuatilii.

Hapo klabu yetu iligawanyika. Mwenzetu mmoja anayesoma uchumi alituambia tuache ndoto. Alisema Kombe la Afrika linawagusa Waafrika walioko hapa, na sisi si taifa la Uingereza, sisi ni sehemu ndogo yake. Tena akaongeza kwamba fedha za haki hizo huenda kwenye shirikisho la mpira la Afrika, na kupunguza wanunuzi ni kuupunguzia mpira wetu mapato. Hoja ya pili ni nzito, nasi hatuna nia ya kuitazama Afrika bure huku Afrika yenyewe inapata hasara.

Hoja ya kwanza, hata hivyo, tunaipinga, na tunaipinga kwa ushahidi wa orodha yenyewe. Orodha si msahafu. Paralimpiki iliingizwa mwaka 2020. Kombe la Dunia na Kombe la Ulaya la wanawake yaliingizwa mwaka 2022. Kabla ya hapo mtu angeweza kusema kwamba mpira wa wanawake unawagusa wapenzi wake tu. Serikali iliuorodhesha katika majira ya kuchipua, na Julai mwaka huohuo wanawake wa Uingereza wakatwaa ubingwa wa Ulaya Wembley mbele ya watazamaji zaidi ya milioni 17 wa BBC. Taifa lilikuwepo muda wote, ila lilikuwa halijaonyeshwa.

Nasi tunajiuliza: klabu kubwa za nchi hii zinapowaruhusu wachezaji wao nyota kwenda Afrika katikati ya msimu, na jiji zima linabishana kuhusu pengo wanaloacha, je, hilo bado ni jambo la wageni? Na watoto wa Wakenya, Waganda, Wakongo, Wanigeria na Waghana waliozaliwa hapa, wanaokaa na babu zao kutazama, wao ni taifa gani?

Tunachopendekeza

Baada ya mabishano ya wiki mbili tulikubaliana ombi la kiasi. Hatuombi Kundi A. Tunaomba nusu fainali na fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika zifikiriwe kwa Kundi B. Hivyo mwenye fedha ataendelea kushindania matangazo ya moja kwa moja, shirikisho la Afrika litapata bei yake, na asiyeweza kulipa atahakikishiwa muhtasari. Mwenzetu wa uchumi alisoma ombi hilo mara mbili, akasema anaweza kuliunga mkono.

Anayeweza kuibadilisha orodha ni Waziri wa Utamaduni, Vyombo vya Habari na Michezo. Kabla ya kufanya hivyo sheria inamtaka ashauriane na BBC, mamlaka ya utangazaji ya Wales, Ofcom, na mwenye haki za mashindano husika. Wanafunzi hawatajwi popote katika kifungu hicho. Lakini hakuna kinachotuzuia kuandika barua, wala kumwandikia mbunge wa jimbo la chuo, ambaye ni mbunge wetu sisi pia tunaoishi hapa, na wanachama wetu wengi wana kura, maana raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi hapa kihalali huruhusiwa kujiandikisha.

Hatutegemei jibu la haraka. Hata kama ombi litakataliwa, litakataliwa kwa maandishi na kwa sababu zitakazotajwa, nasi tutakuwa tumeuliza swali ambalo mwuliza wetu alilianza: nani kawaahidi?

Rasimu ya barua iko tayari, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Walimu wetu wametuahidi kuipitia lugha. Itasomwa katika mkutano wa klabu wa Alhamisi, na kila mwanachama anakaribishwa kuikosoa kabla ya kutia sahihi. Anayepinga aje pia, maana penye wengi hapaharibiki neno.